Jibuti: nchi isiyo na mto wala shamba, inayoishi kwa kukaa mlangoni

Wanajukwaa, salaam.

Tarehe 15 Februari 2025 wengi wetu tulikuwa tumekaa mbele ya runinga tukifuatilia kura zinazopigwa Addis Ababa, hayati Raila Odinga wa Kenya alipokuwa akiwania uenyekiti wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika. Kura zilirudiwa hadi duru ya saba, na aliyeibuka mshindi ni Mahmoud Ali Youssouf, wakati huo waziri wa mambo ya nje wa Jibuti, kwa kura 33. Jioni ile, kila nilipopita, nilisikia watu wakiuliza jambo moja: Jibuti ni nchi gani hasa, na imepata wapi ubavu huo? Nimeona niandike uzi huu kwa sababu nchi hiyo iko jirani na sisi, Kenya na Uganda zinakaa nayo meza moja katika IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yako huko huko Jibuti, na bado tunaijua kwa jina tu.

Mimi nimefanya kazi ya uwakala wa forodha Dar es Salaam kwa miaka mingi, na kazi hiyo iliwahi kunifikisha Jibuti nikakaa wiki tano. Nilikwenda nikitazama makontena, nikarudi nikitazama ramani. Nchi nyingine huuza kahawa, dhahabu au gesi. Jibuti inauza mahali ilipo. Nguvu yake yote inatoka hapo, na udhaifu wake wote pia.

Tuanze na ardhi. Jibuti ina ukubwa wa kilomita za mraba 23,200 hivi, yaani ni ndogo kuliko Mkoa wa Tanga, na watu wake ni kama milioni moja. Kaskazini inapakana na Eritrea, magharibi na kusini na Ethiopia, kusini mashariki na Somalia upande wa Somaliland, na mashariki inatazama bahari kwa ufuko wa kilomita zipatazo 314. Ufuko huo haukunyooka, kwa kuwa Ghuba ya Tadjoura inaingia ndani kabisa ya nchi kama kinywa kilichoachama, na mji mkuu, unaoitwa Jibuti vilevile, umekaa kwenye mdomo wa chini wa kinywa hicho. Ukipanda kaskazini kutoka hapo unafika Bab el-Mandeb, mlango-bahari wenye upana wa kilomita 30 hivi ambao jina lake la Kiarabu lina maana ya lango la kilio, kwa ajili ya mabaharia waliopotelea hapo. Meli inayotoka Asia kwenda Ulaya kwa njia ya Mfereji wa Suez ni lazima ipite hapo, kwani hakuna mlango mwingine wa kuingilia Bahari ya Shamu kutoka kusini.

Shuleni tulisoma habari za Bonde la Ufa, tukachora Manyara, Natron, Naivasha na Turkana, lakini wengi wetu tuliishia hapo. Ukiufuata ufa huo kuelekea kaskazini, kupita katikati ya Ethiopia, unafika Jibuti, mahali ambapo mabamba matatu ya ganda la dunia, la Nubia, la Somalia na la Arabia, yanaachana. Jambo ambalo kwetu ni la vitabuni, kule linaonekana kwa macho. Novemba 1978 volkano ya Ardoukoba ililipuka kati ya ghuba ndogo ya Ghoubbet na Ziwa Assal, na katika siku chache ardhi ikatanuka kwa zaidi ya mita moja. Miamba ya lava ya mwaka ule bado ni myeusi, haijaota hata jani.

Ziwa Assal lenyewe ndilo lililonishika zaidi. Barabara inashuka ikipindapinda katikati ya mawe meusi, masikio yanaziba, halafu chini yako panatokea weupe mpana wenye maji ya kijani kibichi katikati, ukadhani umeona barafu katika joto la nyuzi arobaini. Uko mita 155 chini ya usawa wa bahari, na hakuna mahali katika bara la Afrika palipo chini zaidi ya hapo. Maji ya bahari hupenya kwenye nyufa za miamba kutoka Ghoubbet, yakifika ziwani hayana pa kutokea, jua linayanyonya, chumvi inabaki, hata maji ya Assal yakawa na chumvi kama mara kumi ya ile ya bahari. Nilivua viatu nikakanyaga, nikajuta mara moja, kwa sababu chumvi ile si unga wa jikoni. Ni ganda gumu lenye kingo kali, na nyayo zangu ziliwaka mpaka usiku. Pembeni ya barabara vijana walikuwa wamepanga mezani vidonge vya chumvi vya mviringo kama gololi, vilivyoviringishwa na mawimbi, pamoja na mafuvu ya mbuzi yaliyovikwa chumvi tupu. Kwa karne nyingi Waafar walipakia chumvi hiyo kwenye ngamia wakaipandisha nyanda za juu za Ethiopia, wakarudi na nafaka. Kwa hiyo biashara ya Jibuti na Ethiopia ni ya zamani kuliko bandari, kuliko reli, na kuliko hata jina la Jibuti.

Mto wa kudumu nchi hiyo haina hata mmoja. Mahali pengi mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 200. Mto Awash, unaotoka milima ya Ethiopia ukiwa na nguvu, hufia katika Ziwa Abbe mpakani, penye minara ya chokaa iliyosimama kama vichuguu vikubwa na inayofuka mvuke alfajiri, wala tone la maji yake halifiki baharini. Penye kijani ni pachache sana, na panapojulikana zaidi ni msitu wa Day katika milima ya Goda juu ya Tadjoura, wenye mitarakwa ya aina ile ile inayoota katika nyanda za juu za Kenya na kaskazini mwa Tanzania. Mitarakwa hiyo inakauka, na kwale wa Jibuti, ndege asiyepatikana popote pengine duniani, anapungua pamoja nayo.

Hapo nitapumzika, nitaendelea na habari za watu.

---

Mchangiaji kutoka Mombasa ameuliza:

«Ndugu mleta mada, kwa nini usiseme tu kwamba hao ni Wasomali waliokatiwa kipande chao na Mfaransa? Hata pembe tano za nyota ya bendera ya Somalia zinaihesabu Jibuti.»

Ndugu yangu, kuhusu nyota uko sahihi, ila kuhusu watu jawabu ni refu kidogo. Wasomali ndio wengi, kama asilimia 60, na kati yao ukoo wa Issa ndio mkubwa kuliko mwingine. Lakini zaidi ya theluthi ya wananchi ni Waafar, wenye lugha yao, masultani wao wa Tadjoura na wa Raheita, na ndugu zao waliotapakaa Ethiopia na Eritrea. Ukichora mstari kupitia katikati ya Ghuba ya Tadjoura, kaskazini na magharibi ni malisho ya Waafar, na kusini ni ya Waissa. Wote ni Waislamu, wote ni wafugaji wa ngamia na mbuzi kwa asili, na lugha zao zote mbili ni za Kikushi, ndugu wa mbali wa Kiiraqw kinachozungumzwa Mbulu na Karatu. Mtu anayejua lugha moja haielewi nyingine. Lugha rasmi za serikali ni Kifaransa na Kiarabu, kwa hiyo mtoto anayezaliwa Jibuti anazungumza nyumbani lugha ambayo si rasmi, anasoma Koran kwa lugha nyingine, na anafanya mtihani kwa lugha ya tatu.

Majina ya nchi yenyewe yanaonyesha mvutano huo. Mfaransa alianza kwa mkataba wa 1862 na viongozi wa Waafar uliompa Obock, upande wa kaskazini wa ghuba, akaingia rasmi miaka ya 1880, kisha akavuka maji na kuanzisha mji wa Jibuti mnamo 1888 kwa sababu bandari ya asili ya huko ilikuwa bora na njia ya kwenda Ethiopia ilikuwa nyepesi. Kuanzia 1896 koloni likaitwa Somalia ya Kifaransa. Mwaka 1967, baada ya kura ya maoni ambayo matokeo yake yaliwabakiza chini ya Ufaransa, likabadilishwa jina kuwa Jimbo la Kifaransa la Waafar na Waissa. Uhuru ulipopatikana tarehe 27 Juni 1977, wananchi hawakuchukua jina la kabila lolote. Walichukua jina la mji. Mimi naliona hilo kuwa jambo la busara kubwa, japo halikuzuia damu kumwagika baadaye. Kati ya 1991 na 1994 kikundi cha FRUD, chenye Waafar wengi, kilipigana na serikali kikidai kugawana madaraka, ukatiwa saini mkataba wa amani Desemba 1994, na kundi lililobaki msituni likamaliza mwaka 2001. Tangu uhuru nchi imekuwa na marais wawili tu, Hassan Gouled Aptidon hadi 1999, kisha Ismaïl Omar Guelleh.

Kuna mtaa unaoitwa Balbala ambao mgeni wa bandari anaweza kuondoka bila kuuona, na mimi nawasihi mtakaokwenda msifanye hivyo. Mwaka 1966, baada ya ghasia zilizoipokea ziara ya Jenerali de Gaulle, wakoloni waliuzungushia mji uzio wa seng'enge uliolindwa na askari, ili wafugaji wa nje wasiingie. Watu waliozuiwa walijenga vibanda ng'ambo ya uzio, kwa mabati, mbao na makopo yaliyopondwapondwa. Uzio uliondolewa, vibanda vikabaki, na Balbala leo ni sehemu kubwa ya mji, yenye shule, masoko na misikiti, lakini bado kuna nyumba za mabati zinazopata moto wa jua kiasi ambacho mtu hawezi kuzigusa saa sita mchana. Ukisimama juu ya kilima cha Balbala unaziona winchi za bandari chini kabisa, karibu kama unazigusa. Mzee aliyenipokea huko, mfugaji aliyepoteza mifugo yake kwa ukame na kuhamia mjini na watoto wake, aliniambia kwamba anazihesabu meli kila asubuhi kama alivyokuwa akihesabu ngamia.

Nisisahau sheria yao. Waissa wana Xeer, sheria ya mdomo ambayo wazee huisimamia chini ya mti, yenye taratibu za dia, za malisho, za ndoa na za kumpata Ugaas, kiongozi wao wa jadi. UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu mwaka 2024, kwa pamoja kwa Ethiopia, Jibuti na Somalia. Wapo pia Wayemeni, na kwao ndiko kunakotoka chakula ambacho kila mgeni hukisifu: samaki mzima aliyepasuliwa mgongoni, akapakwa pilipili nyekundu, akabandikwa ndani ya tanuri la udongo, akaletwa juu ya karatasi pamoja na mkate mpana wa moto. Sambusa wanaziita sambuus, na Ramadhani haiendi bila hizo, kama kwetu.

Na kwa wapenzi wa riadha: medali pekee ya Olimpiki ya Jibuti ni shaba ya Hussein Ahmed Salah katika marathoni ya Seoul, 1988. Aliyekuwa mbele yake na kuchukua fedha ni Douglas Wakiihuri wa Kenya, na Juma Ikangaa wetu alimaliza wa saba.

---

Sasa uchumi, ambao ndio hasa ulionipeleka.

Jibuti hailimi. Ardhi inayofaa kulimwa ni chembe, na karibu chakula chote kinatoka nje: mboga na matunda kutoka Ethiopia kwa lori, ngano na mchele kwa meli. Viwanda ni vichache. Sehemu kubwa kabisa ya pato la taifa ni huduma, na huduma hizo zinazunguka bandari na watu wanaoihitaji. Anayeihitaji kuliko wote ni Ethiopia, yenye watu zaidi ya milioni 120 na isiyo na pwani tangu Eritrea ilipojitenga mwaka 1993. Vita vya Ethiopia na Eritrea vilipoanza 1998, mizigo iliyokuwa ikipita Assab, bandari ya Eritrea, ilihamia Jibuti, na tangu hapo zaidi ya asilimia 90 ya biashara ya Ethiopia ya baharini inapita katika bandari hiyo moja. Sisi wa Dar es Salaam tunahudumia Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi na Uganda, kwa hiyo mteja mmoja akinuna wengine wapo. Jibuti ina mteja mmoja.

Reli ndiyo iliyoujenga mji. Ile ya zamani ya Wafaransa na Waethiopia ilifika Dire Dawa mwaka 1902 na Addis Ababa mwaka 1917, ikafanya kazi hadi ikachakaa. Ile mpya ya umeme, yenye urefu wa kilomita 750 hivi, iliyojengwa na kampuni za Kichina kwa mikopo ya China, ilizinduliwa Addis Ababa Oktoba 2016 na Jibuti Januari 2017, ikaanza kazi ya kibiashara 2018. Tuliopanda treni ya umeme ya Dar es Salaam hadi Dodoma tangu 2024 tunaweza kuelewa furaha ya watu wa huko. Pamoja na hayo, shehena kubwa bado inakwenda kwa malori. Nilisimama asubuhi moja pale PK12, nje kidogo ya mji, nikaona foleni ya malori ya Kiethiopia ambayo sikuuona mwisho wake, madereva wakipika chai chini ya trela kwa sababu ndipo penye kivuli pekee, wengine wakiwa hapo siku ya tatu wakisubiri hati zao. Mtu yeyote aliyewahi kukaa Tunduma angewaelewa bila mkalimani.

Jambo jingine ambalo wafanyabiashara huko hulitaja kwanza kabla ya kulitaja joto ni sarafu. Faranga ya Jibuti imefungwa kwa dola ya Marekani kwa kiwango cha faranga 177.721 tangu 1973, na kiwango hicho hakijaguswa. Mwaka ule dola moja kwetu ilikuwa kama shilingi saba. Serikali haichapishi faranga bila akiba ya fedha za kigeni inayolingana nayo, na mfanyabiashara anabadilisha fedha bila kuomba kibali. Faida ni utulivu. Hasara ni kwamba gharama za maisha na za kazi ni kubwa kuliko za majirani, na kiwanda kinachotaka kushindana na Ethiopia kwa bei kinashindwa hata kabla hakijafunguliwa.

Halafu kuna kambi. Marekani inatumia Camp Lemonnier, kambi ya zamani ya jeshi la Ufaransa, tangu baada ya matukio ya Septemba 2001, na hiyo ndiyo kambi yake pekee ya kudumu barani Afrika. Kwa mkataba wa 2014 kodi yake ilikuwa takribani dola milioni 63 kwa mwaka. Ufaransa haikuondoka tangu ukoloni. Japani ilifungua kambi yake mwaka 2011, ya kwanza nje ya nchi yake tangu Vita vya Pili vya Dunia, Italia ikafuata 2013, na China ikafungua ya kwake mwaka 2017, ya kwanza kabisa nje ya ardhi yake. Majeshi yanayotazamana kwa mashaka katika bahari nyingine yanakaa hapo kilomita chache kutoka moja hadi jingine, na askari wao wananunua maji ya chupa katika maduka yale yale. Sababu ya kwanza ilikuwa maharamia wa Kisomali na ugaidi. Sababu ya kudumu ni ule mlango.

Mlango huo unapitisha hata maneno tunayoandika hapa. Mikongo mingi ya mawasiliano inayopita chini ya bahari inatua Jibuti, ukiwamo EASSy ulioanza kazi 2010, unaotua pia Mombasa na Dar es Salaam.

Fedha hizo zinamfikia nani? Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Ajira za bandarini na kambini ni chache kulinganisha na vijana wanaozihitaji, na sehemu kubwa ya vijana haina kazi. Wafugaji wa Dikhil na Obock hawaoni faida ya kodi ya kambi isipokuwa pale kisima kinapochimbwa. Obock yenyewe imekuwa njia ya wahamiaji wa Kiethiopia wanaotembea kwa miguu jangwani ili wapande mashua kwenda Yemen na Saudia, na wakati huo huo, tangu 2015, inawapokea Wayemeni wanaokimbia vita kuja upande huu. Watu wawili wenye shida wanapishana katika maji yale yale.

Na kila siku, karibu saa saba mchana, mji wote hubadilika. Ofisi zinafungwa kwa ajili ya joto, na ghafla honi zinasikika: magari ya mirungi yamefika kutoka nyanda za juu za Ethiopia. Wauzaji ni wanawake karibu wote. Nilimtazama mmoja akipokea mafungu yake, akayafunika kwa gunia lililoloweshwa maji, akawa anayatoa moja moja kama mtu anayetoa samaki hai, huku wateja wamemzunguka na wengine wakiwa bado ndani ya sare za kazi. Serikali inakusanya ushuru mzuri kwa mirungi, akina mama wale wanasomesha watoto kwa mirungi, na kaya nyingi zinapoteza sehemu kubwa ya mapato yao kwa mirungi. Mambo hayo matatu yote ni kweli kwa pamoja, na sikukutana na mtu aliyeweza kuniambia afanyeje.

Kuhusu maji na umeme nitasema kwa ufupi. Umeme mwingi unanunuliwa Ethiopia tangu 2011. Maji yanakuja pia kutoka Ethiopia kwa bomba lililozinduliwa 2017, na mtambo wa kuondoa chumvi katika maji ya bahari ulifunguliwa Doraleh mwaka 2021. Mwaka 2023 mitambo ya upepo ya megawati 60 ilianza kazi karibu na Ghoubbet, mahali ambapo upepo ulinivua kofia mara mbili. Joto la ardhini, ambalo ufa ule unalitoa bure, linachunguzwa kwa miongo kadhaa, nami ninatamani sana siku moja litumike kama Wakenya wanavyolitumia pale Olkaria.

---

Mchangiaji mwingine ameandika:

«Mkuu, umekwepa jambo lenyewe. Tueleze DP World walifanywa nini kule, maana hapa kwetu walipewa bandari 2023 na mjadala haujaisha.»

Sikulikwepa, ndugu, nililiweka mwisho kwa sababu linahitaji utulivu. Mwaka 2006 Jibuti iliipa DP World ya Dubai mkataba wa miaka 30 wa gati la makontena la Doraleh, likafunguliwa 2009, na kwa miaka kadhaa lilisifiwa kuwa miongoni mwa bora Afrika. Serikali ilikuwa na hisa nyingi, kampuni ikiwa na theluthi moja tu, lakini uendeshaji ulikuwa wa kampuni, na mkataba ulikuwa na masharti ya upekee yaliyoizuia Jibuti kujenga gati shindani bila ridhaa yake. Jibuti ilipomkaribisha mwekezaji wa Kichina na kufungua bandari mpya ya shughuli mchanganyiko mwaka 2017, ugomvi ukawa mkubwa. Februari 2018 serikali ililitwaa gati kwa amri ya rais, ikisema mkataba unagusa mamlaka ya nchi. Kampuni ikaenda London kwenye usuluhishi, na moja ya hukumu, ya mwaka 2019, iliiamuru Jibuti ilipe dola milioni 385 pamoja na riba kwa kuvunja upekee ule.

Hali ya Dar es Salaam ni tofauti: kampuni ilipewa magati kadhaa kwa mikataba ya miaka 30 iliyosainiwa Oktoba 2023, nasi tuna wateja wengi na bandari nyingine. Ninachowaomba wenzangu ni kwamba tunapojadili mikataba ya namna hii tusome kipengele cha upekee kwanza, kabla ya kipengele cha hisa. Jibuti walikuwa na theluthi mbili za hisa na bado hawakuwa huru kujenga gati pembeni.

---

Na wa mwisho kwa leo:

«Kaka, je, Ethiopia ikipata bandari yake mwenyewe, Jibuti itaishije? Na mimi ni mtu wa Mafia, nimesikia kule nako kuna potwe. Ni kweli?»

Swali la kwanza ndilo linalowakosesha usingizi. Januari 2024 Ethiopia ilisaini hati ya makubaliano na Somaliland kuhusu pwani, Somalia ikakasirika, na Jibuti, badala ya kulalamika tu, ikapendekeza kuipa Ethiopia nafasi ya kuendesha bandari ya Tadjoura, ile ndogo ya kaskazini iliyofunguliwa 2017. Watu wa bandari wataelewa hesabu yake: afadhali mteja mkubwa apewe chumba ndani ya nyumba kuliko ahamie kwa jirani. Wakati huo huo mashambulio ya Wahouthi wa Yemen dhidi ya meli, yaliyoanza mwishoni mwa 2023, yalizifanya kampuni nyingi za meli kuzungukia Rasi ya Tumaini Jema, na Jibuti ikaona jinsi mlango unavyoweza kukosa wapitaji bila yeye kukosea lolote. Deni la reli na la bandari, ambalo sehemu kubwa ni la China, halikusubiri meli zirudi.

Sidhani Ethiopia itaondoka yote. Reli imekwisha lazwa, bomba la maji limekwisha fukiwa, na barabara ya Galafi inajulikana na kila dereva. Lakini hata robo ya mizigo ikihama, Balbala itaumia kabla ya mtu mwingine yeyote.

Kuhusu potwe, ndiyo, ni kweli kabisa. Kuanzia Novemba hadi Januari hivi papa potwe huja kula katika Ghuba ya Tadjoura, karibu na ufuko wa Arta, wengi wao wakiwa wadogo wa mita tatu hadi tano. Nilitoka kwa mashua na mvuvi mmoja wa Kiafar alfajiri, bahari imetulia kama mafuta, akazima injini bila kusema neno, akanionyesha kwa kidevu. Mgongo wenye madoa meupe ukapita chini yetu polepole, kinywa wazi, ukaelekea upande wa Ghoubbet. Nilimwambia kwamba kwetu Mafia wapo pia. Akaniuliza wanaitwaje, nikamwambia potwe, akalirudia jina hilo mara mbili, kisha akawasha injini.